Reprise ya Floribert

Kuna mahali katika mtaa wa Bel-Air ambapo njia ya udongo inapanda kidogo kabla ya kufika kwenye lami. Huwezi kupaita mlima. Mtoto anapapanda na ndoo kichwani bila kumwaga maji. Lakini kila mara motokari ya Floribert ilipofika pale, ilishikwa.

Haikuzimika, wala haikutoa sauti ya kitu kilichovunjika. Hénoc alikanyaga, motere ikaunguruma kama kawaida, na kwa muda wa pumzi mbili hivi motokari ikabaki palepale, kana kwamba mtu amesimama nyuma yake, ameshika buti kwa mikono miwili, anasema: ngojeni kwanza. Halafu akawaachilia.

Régine alizijua zile pumzi mbili vizuri kuliko alivyozijua sala zake. Tangu awe mjane, kila Jumatatu na Alhamisi, Hénoc, mdogo wa marehemu mumewe Floribert, ambaye sasa ndiye aliyeendesha ile taksi, alimpeleka kwenye masomo ya jioni ya kushona, katika ukumbi wa parokia huko Kampemba. Kulikuwa na njia nyingine, fupi zaidi, isiyo na kupanda. Régine hakuitaka.

"Mulamu, tupite kule ku mupando," alikuwa akimwambia huyo shemeji yake.

Hénoc hakuwahi kuuliza sababu. Régine alikaa kiti cha nyuma, na pale motokari iliposhikwa alifumba macho, akaegemeza mgongo. Floribert, alisema moyoni. Nimefika. Mtoto hajambo. Halafu mkono ule ukaachilia, motokari ikaingia barabarani, naye akafungua macho na kujipangusa kabla Hénoc hajamwona kwenye kioo. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani kwamba mara mbili kwa wiki anakwenda kusalimiana na mume wake kwenye kona ya lami?

Maana ni pale alipopatia ajali, miezi minane iliyopita. Floribert alikuwa na binti yao Kiki kiti cha nyuma, wametoka kununua mkate. Alifika juu, akaona lori la shaba likija, lakini lilikuwa mbali, umbali ambao kila dereva wa Bel-Air anaingia nao bila kufikiri mara mbili. Akaingia. Lori likamkuta bado anaingia, likaipiga motokari kwenye mkia. Kiki alitolewa mzima, bila mkwaruzo, mkate wake kifuani. Floribert aligonga kichwa kwenye nguzo ya mlango. Alilala hospitali siku mbili. Siku ya kwanza alisema. Alimshika mama yake mkono, akamwambia:

"Mama, kuko kitu ilinishika kwa nyuma."

Siku ya pili hakusema tena.

Maneno ya mwisho ya mtu hayazikwi naye. Kwenye kilio yalipita kutoka kiti hadi kiti, pamoja na vikombe vya chai. Kitu kilimshika kwa nyuma. Na kwa nyuma kulikuwa nani? Hakuna aliyejibu kwa sauti. Watu walimtazama tu Kiki, miaka mitano, amevaa gauni jeusi ambalo mama yake alilishona usiku mmoja, anahesabu vifungo vyake kwa kidole.

Fundi wa mabati aliunyoosha mkia wa motokari, Hénoc akaanza kuifanyia kazi. Juma la kwanza tu akarudi uso umembadilika. "Na miye inanishika," alisema. "Fasi ileile, ku mupando." Akavumilia, akavumilia, hatimaye akaipeleka kwenye garaji moja ili waipime kila kitu.

Alileta jibu siku ya Jumapili, wakiwa wamekaa kula bukari, ugali wa kwao, na mboga ya lengalenga nyumbani kwa mama yake, Marie-Thérèse. Ndipo Régine na Kiki walipokuwa wakiishi tangu msiba.

"Mama, motere iko muzima kabisa," alisema Hénoc akinawa mikono. "Balipima yote. Basema paka reprise tu njo iko mubaya."

"Paka nini?"

"Reprise. Ile motokari haina reprise."

Tonge la bukari likabaki hewani, mkononi mwa Marie-Thérèse.

Mtu yeyote anayekaa garajini angejua kwamba reprise ni ile nguvu ya motokari kuondoka pale iliposimama. Lakini Marie-Thérèse hakulijulia neno hilo garajini. Mume wake alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, wakakaa katika nyumba ya kazi, wakazaa humo watoto watano. Mwezi wa tatu baada ya kumzika, alikuja karani na faili, akabandika karatasi mlangoni. Marie-Thérèse hakusoma Kifaransa sana, ila karani alimwonyesha neno moja kwa kalamu, akalirudia kama mtu anayemfundisha mtoto: reprise, mama, ni reprise, mwenye nyumba anakamata nyumba yake. Akatoka na watoto watano, sufuria na saa ya ukutani. Tangu siku ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

"Nilijua," alisema polepole. "Floribert anakuya kukamata kintu yake."

"Aba, Mama! Reprise ya motokari ni namna inatoka fasi..."

"Unifundishe reprise, weye Hénoc? Miye balinifukuza mu nyumba na reprise, weye ukiwa ku mugongo! Unifundishe?"

Siku nyingine Hénoc angecheka, na mama yake angemtupia kitambaa, wakacheka wote. Siku ile hakucheka mtu. Kiki akalamba mchuzi kwenye vidole vyake, akasema bila kuinua uso:

"Papa njo anashikaka motokari. Hapendake tuende mbiyo."

Régine aligeuka kumtazama. Hakumfundisha mtoto maneno hayo. Alikuwa hajayasema hata kwa midomo yake mwenyewe.

"Munasikia?" Marie-Thérèse aliweka tonge chini. "Munasikia mutoto? Ule muntu alikuwa na mutoto wake mu motokari. Yeye akaenda, mutoto akabaki. Sasa iko anamutafuta. Kila siku anamushika pale, siku moja hataachilia." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kiki ataenda Lukafu, kwa yaya yangu, dada yangu mukubwa. Kule kijijini hakuna lami, hakuna taksi. Hatamuona."

"Mama, mwezi wa tisa Kiki anaingia masomo," alisema Régine.

"Atasoma akiwa muzima."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka ile kintu ikatulia. Ata mwaka. Siku ya posho Hénoc atatupeleka."

Siku ya posho ni Jumamosi. Zilibaki siku sita.

Régine alimjua mama mkwe wake. Hakuwa mwanamke mbaya. Jumatatu alimnunulia Kiki sweta, kwa sababu asubuhi za Lukafu zina ubaridi. Jumanne akamnunulia kandambili zenye ua, akakaa naye kizingitini akimwonyesha namna ya kuzivaa, huku machozi yakimdondokea kwenye ua lile. Mtu huyu alikuwa anamwokoa mjukuu wake. Lakini Régine aliona mbali zaidi ya sweta. Watu wa Lukafu walikuja kwenye kilio. Walikunywa ile chai. Kiki angefika kule, neno likiwa limemtangulia: huyu njo mutoto alishika baba yake. Mtoto anayefika na neno la namna hiyo anapakuliwa mwisho. Kuku akifa, wanamtazama yeye. Na nani angekuwepo wa kulifuta hilo neno, mama yake akiwa mbali, kwenye cherehani Kampemba?

Angetaka kusema hapana. Alijaribu, Jumanne, mbele ya jiko. Aseme nini? Aseme kwamba nyuma ya motokari hakuna mtu? Yeye, aliyefumba macho pale jana tu, akasema nimefika?

*

Alhamisi alichelewa kwenye masomo, akakuta cherehani zote zimechukuliwa isipokuwa ile ya mwisho, karibu na dirisha. Wanawake walikuwa wameipa jina: Kambo, yaani bibi kizee. Gurudumu lake la kwanza lilipasuka zamani, mtu akalifungia gurudumu la mashine kubwa ya kushonea mahema, na tangu hapo haikuwa sawa na nyingine.

"Eh, Mama Kiki, leo umepata Kambo!" alicheka Syntiche kwenye mashine ya jirani, mate yake yamelowesha ncha ya uzi. "Umusalimie kwanza. Usimukanyage na haraka, atakukatala."

"Anakatalaka?"

"Kuondoka njo anakatala. Akisha ondoka, ata kusimama anakatala tena! Sawa kabisa na mama ya bwana yangu ku ngoma ya harusi."

Ukumbi ukacheka. Régine alitandika kitambaa, akashusha sindano, akaweka miguu kwenye kikanyagio. Akakanyaga.

Mashine ikamshika.

Pumzi moja, pumzi mbili. Halafu ikaachilia, sindano ikakimbia.

Régine aliondoa miguu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Sindano iliendelea kukimbia peke yake, tak-tak-tak, ikashona vidole vinne vya kitambaa kabla ya kutulia. Akatazama nyuma yake. Kulikuwa na ukuta, na picha ya Bikira Maria, na kalenda.

Akakanyaga tena. Ikamshika tena. Mguu wake ndio ulioelewa kwanza, kabla ya kichwa: ni mkono uleule. Ulikuwa na uvivu uleule wa mwanzo, na kuachilia kulekule. Mkono aliokuwa akiusalimu kwa miezi minane kwenye kona ya lami ulikuwa humu, ndani ya cherehani, na Floribert hakuwahi kukanyaga ukumbi huu.

"Syntiche," alisema, "nikae kidogo pako."

"Sasa unamukimbia Kambo?"

"Kidogo tu."

Kwenye mashine ya Syntiche mguu ulipogusa tu, sindano iliondoka. Gurudumu lake lilikuwa dogo, jembamba kama sahani ya bati. Régine aliinuka, akarudi kwa Kambo, akalitazama gurudumu lile lililotoka kwenye mashine ya mahema. Pana. Chuma chake chote kimejaa kwenye ukingo wa nje. Alilishika kwa kiganja, akalisukuma. Lilikataa, likakubali, na lilipokubali likawa halitaki tena kuacha.

Mwalimu wao wa hesabu, pale parokiani, alikuwa na msemo wake anapotaka kujua kosa liko wapi: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo, utazame. Hapa mashine zilikuwa ndugu. Kitu kimoja tu kilibadilishwa.

Na kwenye motokari, nini kilibadilishwa?

Swali hilo alijiuliza akiwa amesimama, na jibu lilipofika ilibidi akae. Kwa sababu jibu alilijua vizuri. Alililipa mwenyewe.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameshona sare za kwaya nzima, msimu mzima, mpaka vidole vikaota sugu. Malipo yake aliyapeleka kwa mtu aliyekuwa anaibomoa jeep iliyokufa, akachukua jante zake nne, vile vyuma vizito vya katikati ya gurudumu, pamoja na mipira yake minene yenye meno. Floribert alikuwa akipakia mahindi Lukafu, na kila mvua ilimlaza njiani na taksi yake ya magurudumu madogo, amezama kwenye matope, hana hata blanketi. Alitaka asilale tena kwenye matope. Hakuwa na sababu nyingine. Floribert alipoziona alimwinua Régine mzima mzima mbele ya majirani. Alikata kidogo ukingo wa mabati ili ziingie. Kila Jumapili alizisugua kwa mswaki.

Jioni ile Hénoc alipomfuata, Régine alikaa nyuma kama siku zote. Kwenye kupanda motokari ilishikwa. Kwa mara ya kwanza hakufumba macho. Aliinama dirishani, akatazama chini, pale ambapo meno ya mpira wa jeep yalikuwa yakigeuka polepole, polepole, kama kitu kinachoamshwa usingizini.

*

Papa André alikuwa fundi wa reli kabla ya kufungua uwanja wake mdogo wa magari huko Kampemba. Ndiye aliyezifunga zile jante. Ijumaa asubuhi Régine alimleta Hénoc na motokari, akamweleza mambo ya cherehani, bila kumweleza ya kusalimiana.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakumcheka. Aliinua motokari kwa jeki upande mmoja wa nyuma, akashusha breki ya mkono, akasema:

"Mama Kiki, zungusha."

Régine alisukuma gurudumu la jeep. Ilibidi aongeze mkono wa pili. Lilianza kwa shida, halafu likazunguka, likazunguka, mikono yake imekwisha kuondoka, likiwa linazunguka bado, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba wenzake wamekwisha kwenda nyumbani.

Papa André akalisimamisha kwa mguu wake, akalifungua. Akaenda nyuma ya banda, kuku wawili wakaruka, akarudi na gurudumu dogo lililojaa vumbi. Lilikuwa la zamani la motokari ileile. Floribert alimwachia amtunzie. Akalifunga mahali palepale.

"Sasa na kidole. Kamoja tu."

Kidole kimoja kilitosha.

"Sikiliza sasa," alisema mzee, akichuchumaa. "Kilo yenye iko mu buti, motere inaibeba mara moja. Inaisukuma iende mbele, basi. Kilo yenye iko ku mupira, motere inaibeba mara mbili: inaisukuma mbele, kisha tena inaizungusha. Na ikiwa kule ku lukingo, mbali na katikati, njo inasumbua zaidi. Kisha ona urefu. Hii ya jeep ikigeuka mara moja, inakula njia mingi. Kamotere kadogo kanataka hatua fupi, weye unakapatia miguu ya muntu murefu. Ku fasi ya tambarare haiseme kitu. Ku mupando, na bantu ndani, njo inasema."

"Na bantu ndani," alirudia Régine.

"Ata mutoto. Kila kilo."

Hénoc alikuwa ameshika kichwa. "Papa André, njo reprise hiyo?"

"Njo reprise. Ulizani ni nini?"

Régine hakuondoa macho kwenye gurudumu kubwa, lililolala kwenye vumbi. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Yeye alijua?"

Papa André alichukua muda kujipangusa mafuta mikononi, kidole kwa kidole.

"Nilimuambia. Nilisema, Flori, utapoteza reprise, motokari itachelewa kuondoka. Alinicheka. Asema: 'Ni muke wangu alinipa hizi, unataka nimurudishie?'" Mzee akatazama pembeni. "Nilimuambia mara moja tu. Ningemuambia mara tatu."

Kuku walirudi mahali pao. Régine alisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijua kabisa ni kitu gani kilichomshika mume wake. Hakikuwa roho, wala hakikuwa mtoto. Yalikuwa ni mapenzi yake mwenyewe, yameyeyushwa yakawa chuma, magurudumu manne, yamefungwa kwa boliti.

Angeweza kunyamaza. Marie-Thérèse hakujua jante zilitoka wapi. Floribert alipenda kumwachia mama yake aamini kwamba amezitafuta mwenyewe. Papa André angebadilisha magurudumu leo, motokari ingeacha kushikwa, watu wangesema roho imetulia. Lakini swali lingebaki palepale. Basi siku ile nani alimshika? Na swali lisilo na mtu hurudi kwa yule aliyekuwa kiti cha nyuma.

"Zile ndogo usizifunge leo," alimwambia mzee. "Urudishe ile kubwa. Kesho asubuhi ukuje nabyo ku mupando, pale Bel-Air. Mama aone na macho yake."

"Pale njiani?"

"Paka pale tu. Bantu balebale, mizigo ileile. Kitu moja tu ibadilike."

*

Jumamosi Marie-Thérèse alikaa mbele, rozari mkononi. Régine alikaa nyuma na Kiki, aliyevaa sweta jipya na kandambili za ua. Kifurushi cha mtoto kilikuwa ndani ya buti: nguo, sahani yake ya bati, mkate wa safari.

Kwenye kupanda motokari ilishikwa.

"Iko," alinong'ona Marie-Thérèse, akafanya ishara ya msalaba. "Munamusikia? Iko. Wacha, mwanangu. Wacha mutoto."

Ilipoachilia, Hénoc hakuingia kwenye lami. Alirudi kinyumenyume hadi chini, ambako Papa André alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wake, na magurudumu manne ya zamani yamepangwa kama sahani.

"Ni nini? Mupira imepasuka?" aliuliza Marie-Thérèse.

"Hapana, Mama," alisema Régine. "Shuka kidogo. Nakuomba."

Ilichukua karibu saa nzima. Wapita njia walisimama, wakatoa mashauri, wakaenda zao. Jante za jeep zililala moja moja kando ya njia. Marie-Thérèse alisimama na mkoba wake kwapani, hajaelewa, amekasirika, na wakati huohuo anaogopa kuuliza. Halafu Régine akamrudisha kwenye kiti kilekile, akamkalisha Kiki palepale nyuma yake, akafunga mlango.

"Sawa na mwanzo," alisema. "Mulamu, enda."

Hénoc alikanyaga. Motokari iliruka. Marie-Thérèse alishika dashibodi kwa mikono miwili, rozari ikaanguka, na kabla hajamaliza kuita jina la Yesu walikuwa juu, lami mbele yao, nyeupe kwa jua.

Régine alikuwa amengoja zile pumzi mbili. Alizingoja kwa mwili wake wote. Hazikuja.

Kiki aligeuka, akapiga magoti kwenye kiti, akatazama kwa kioo cha nyuma.

"Papa amebakia," alisema.

"Rudia," alisema Marie-Thérèse.

Walirudia. Mara ya tatu alimwambia Hénoc asimame, akashuka peke yake, akateremka kwa mguu hadi pale jante zilipolala. Régine alimfuata. Mama mkwe aliinama, akaingiza vidole kwenye matundu ya chuma, akavuta. Gurudumu halikuondoka chini.

"Hizi njo zilikuwa kwa motokari ile siku?"

"Njo hizi, Mama. Zote nne."

"Motokari haikuondoka sababu ya hizi."

"Sababu ya hizi. Haikuwa Kiki. Hakuna muntu alikuwa nyuma." Régine aliweka mkono juu ya jante. "Na Floribert hakuzitafuta. Ni miye. Miye nilimununulia, na feza ya sare za kwaya. Nilitaka asilale mu matope."

Motokari moja ikapita, ikawapulizia vumbi. Marie-Thérèse alibaki ameinama, mikono ndani ya chuma. Alipoinua uso, Régine hakuona humo kile alichokiogopa. Hakuona pia kile alichokitumaini.

"Siku ile alizipata," alisema mama yule, "alikuya ku nyumba akipiga honi. Alinipandisha, akanizungusha Bel-Air yote. Asema, Mama, unaona? Sasa niko juu ya bote." Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Na miye nikapiga vigelegele."

Hakusema neno zaidi la jambo hilo, siku ile wala baadaye.

Papa André aliuliza jante azipeleke wapi, kwa sababu hapo hapo kijana mmoja wa taksi alikuwa amekwisha kuzipigia jicho.

"Ku nyumba," alisema Marie-Thérèse kwa ukali. "Bisiende ku motokari ya mwana ya muntu." Halafu akamgeukia Hénoc. "Geuza. Lukafu tutaenda mwezi wa munane, kusalimia. Siye bote. Kisha mutoto anarudi, anaanza masomo."

Nyumbani alifungua buti mwenyewe. Alikitoa kifurushi cha Kiki, akakibeba ndani kifuani, na kutoka ndani Régine alisikia sahani ya bati ikirudishwa kwenye rafu pamoja na nyingine. Kiki alikimbia nyuma ya bibi yake, kandambili zikipiga pa-pa-pa kwenye sementi, akidai ule mkate wa safari.

Hénoc alizima motere, akaingia naye kula.

Régine alibaki kiti cha nyuma. Aliegemeza mgongo, akafumba macho, kama pale kwenye kona. Motokari ilikuwa imesimama tu uani, nyepesi, jua limeingia hadi kwenye magoti yake. Alingoja kidogo. Hakuna aliyemshika.

"Mama!" Kiki aliita kutoka mlangoni, mdomo umejaa mkate. "Shuka, tunakula."

"Nakuya," alisema. Akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini, halafu wa pili.